Nyumba Hutangulia Barabara: Ongezeko la Watu, Makazi na Miundombinu katika Pembezoni mwa Dar es Salaam na Wilaya Jirani za Mkoa wa Pwani

Ikisiri

Makala haya yanaeleza uhusiano uliopo kati ya ongezeko la watu, ujenzi wa nyumba na uendelezaji wa miundombinu katika ukanda wa pembezoni mwa Dar es Salaam. Kwa kutumia matokeo ya Sensa za Watu na Makazi za mwaka 2002, 2012 na 2022, pamoja na sheria na mipango iliyotangazwa na Serikali, makala yanaonesha kwamba kushuka kwa kasi ya ongezeko la watu katika Mkoa wa Dar es Salaam hakumaanishi kwamba mji umeacha kukua. Ukuaji umevuka mpaka na kuingia Mkoa wa Pwani, na umeuvuka pamoja na desturi yake ya zamani: nyumba kujengwa kwanza, barabara, maji na mifereji kufuata baadaye. Makala yanajadili kwa nini desturi hiyo ina mantiki kwa mjenzi mmoja mmoja, gharama yake kwa umma, na namna mipaka ya kiutawala inavyoiongezea uzito.

1.0 Utangulizi

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Miaka kumi kabla ya hapo walikuwa 4,364,541. Kasi ya ongezeko kwa mwaka ilikuwa asilimia 2.1, ilhali katika kipindi cha 2002 hadi 2012 ilikuwa asilimia 5.6. Kwa msomaji wa haraka takwimu hizi ni habari njema kwa wapangaji wa miji: jiji lililokuwa likikua kuliko uwezo wa kulihudumia limepunguza mwendo, na wakati umefika wa huduma kulifikia. Tafsiri hiyo ikikubaliwa, athari zake ni kubwa, kwa sababu makadirio ya mahitaji ya shule, zahanati, maji na barabara huanzia kwenye kasi ya ongezeko la watu.

Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba tafsiri hiyo si sahihi. Takwimu zenyewe hazina kasoro. Kasoro iko kwenye mstari wa mpaka unaotumiwa kuzisoma. Msafiri anayetoka Kimara kwa Barabara ya Morogoro, akapita Mbezi, Kibamba na Kiluvya hadi Kibaha, haoni mahali mji unapokoma. Huona maduka, vituo vya mafuta, viwanja vya matofali na maboma ya nyumba kwa mfululizo usiokatika, na mpaka wa mikoa huutambua kwa bango tu. Sensa, kwa upande wake, hulazimika kuukata mfululizo huo mahali fulani.

Kabla ya kuendelea, ni muhimu kubainisha matumizi ya istilahi. Jina “Dar es Salaam” katika makala haya lina maana ya mkoa mzima, wala si Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo tangu Februari 2021 ni jina la iliyokuwa Manispaa ya Ilala. “Pembezoni” ni ukanda ambao mashamba na makazi ya mjini vimechanganyika na ambamo ardhi bado inahama kutoka matumizi ya kilimo kwenda matumizi ya kuishi. Ukanda huo hausimami mahali pamoja. Kimara ilikuwa pembezoni kwa kizazi kilichopita, na leo hakuna anayeiita hivyo.

2.0 Takwimu zinavyosomeka pande mbili za mpaka

Mkoa wa Pwani unaizunguka Dar es Salaam pande zote za nchi kavu. Mwaka 2012 mkoa huo ulikuwa na watu 1,098,668, na mwaka 2022 walifikia 2,024,947. Kasi ya ongezeko kwa mwaka ilikuwa asilimia 6.1, ilhali katika kipindi cha 2002 hadi 2012 ilikuwa asilimia 2.2 tu. Takwimu hizi zikiwekwa kando ya zile za Dar es Salaam, mikoa hii miwili inaonekana kubadilishana nafasi: Dar es Salaam imeshuka kutoka asilimia 5.6 hadi 2.1, na Pwani imepanda kutoka 2.2 hadi 6.1. Ni vigumu kuamini kwamba mabadiliko mawili yanayolingana kiasi hicho, katika mikoa miwili inayopakana, yametokea bila uhusiano.

Tukiichukua mikoa hii kama eneo moja, picha hubadilika. Mwaka 2012 eneo hilo lilikuwa na watu 5,463,209, na mwaka 2022 lilikuwa na watu 7,408,675. Kasi ya ongezeko kwa mwaka inakuwa takriban asilimia 3.0, karibu sawa na ya taifa zima ambayo ilikuwa asilimia 3.2. Watu walioongezeka ni 1,945,466, na kati yao 926,279 waliongezeka upande wa Pwani. Kwa maneno mengine, mkoa uliokuwa na takriban robo ya idadi ya watu wa Dar es Salaam mwaka 2012 ulipokea karibu nusu ya ongezeko lote la eneo hili katika miaka kumi.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Pwani yote si pembezoni mwa Dar es Salaam. Mafia ni kisiwa chenye maisha yake, na Rufiji na Kibiti ziko mbali mno kwa mtu kwenda kazini Kariakoo na kurudi kila siku. Aidha, viwanda vilivyojengwa Kibaha na Mkuranga vimeleta ajira zake, hivyo baadhi ya waliohamia huko hawana haja ya kuja mjini. Hata hivyo wilaya zinazopakana na Dar es Salaam zinatoa ushahidi ulio wazi. Mkuranga, iliyoko upande wa Barabara ya Kilwa, ilikuwa na watu 222,921 mwaka 2012, na Halmashauri ya Mji wa Kibaha, iliyoko upande wa Barabara ya Morogoro, ilikuwa na watu 128,488. Zote mbili ziliongezeka zaidi ya mara mbili kufikia mwaka 2022. Ongezeko la namna hiyo halielezeki kwa uzazi pekee.

Ndani ya Dar es Salaam nako ongezeko halikutawanyika sawasawa. Ilala iliongezeka kutoka watu 1,220,611 hadi 1,649,912, yaani takriban asilimia 35. Temeke ya mwaka 2012, ambayo baadaye ilimegwa kupata Kigamboni, iliongezeka kwa takriban asilimia 22. Kinondoni ya zamani, iliyomegwa kupata Ubungo, iliongezeka kwa takriban asilimia 17 tu. Wilaya ya Ilala hudhaniwa kuwa ni kitovu cha jiji, Posta na Kariakoo, lakini ndiyo pia yenye Gongolamboto, Kivule, Msongola na Chanika, ambako ardhi ya kujenga ilikuwa bado inapatikana. Kinondoni na Ubungo zilikwisha kujaa mapema zaidi kando ya Barabara za Bagamoyo na Morogoro.

Jambo jingine ambalo husahaulika mara nyingi linahusu namna sensa inavyohesabu. Mtu huhesabiwa mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Fundi anayelala Vikindu na kushinda Kariakoo ni mkazi wa Mkuranga kwa mujibu wa hesabu hiyo, ingawa barabara anazotumia, maji anayokunywa mchana, soko anakouza na hospitali anakopelekwa akiumia kazini ni vya Dar es Salaam. Mkoa mmoja una idadi ya watu ya usiku na nyingine ya mchana, na takwimu rasmi tulizonazo ni za usiku.

3.0 Kwa nini nyumba hutangulia

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu makazi yasiyopangwa hudai kwamba wananchi hawafuati sheria na Serikali haisimamii. Maelezo haya yana ukweli kiasi, lakini hayaelezi kwa nini mwalimu, muuguzi, askari na mfanyabiashara, watu wanaotii sheria katika mambo mengine, hujenga mahali pasipo na barabara wala bomba. Ili kulielewa hilo, inafaa kuifuata njia ambayo nyumba yenyewe hupitia.

Njia hiyo huanzia katika chumba cha kupanga. Kodi ya nyumba Dar es Salaam kwa kawaida hudaiwa kwa mkupuo wa miezi kadhaa, mara nyingi sita au kumi na miwili. Mpangaji aliyekwisha kulipa mikupuo kadhaa hufanya hesabu rahisi: fedha ya mwaka mmoja au miwili ingeweza kununua kipande cha shamba mbali na mji. Dalali humpeleka kwa mwenye mikorosho au minazi. Eneo hupimwa kwa hatua za miguu, kwa kawaida ishirini kwa ishirini. Mauziano huandikwa mbele ya mjumbe na kupigwa mhuri katika ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji. Karatasi hiyo si hati miliki, na wote waliopo pale wanalijua hilo. Lakini ni ushahidi unaotambuliwa na majirani, na kwa mnunuzi wa kawaida jirani ndiye mahakama ya kwanza.

Baada ya hapo ujenzi huchukua miaka. Mikopo ya muda mrefu ya nyumba ni ya wachache, hivyo fedha hujengewa kadiri inavyopatikana: msingi mwaka huu, tofali mwaka ujao, lenta, kisha kupaua. Nyumba ikishaezekwa na chumba kimoja kupata mlango, familia huhamia, plasta na dari vikisubiri. Anayejenga kwa namna hii hawezi kungoja barabara. Akingoja, bei ya kiwanja hupanda na kumtoka mkononi, kwa kuwa barabara ndiyo inayokipandisha. Analolifanya ni kununua kiwanja kwa bei nafuu pasipo na miundombinu, akitarajia kwamba miundombinu itakuja baadaye na thamani yake kumfikia yeye. Mantiki hiyo ni timamu kabisa. Tatizo ni kwamba kila jirani anaifuata mantiki hiyohiyo, na hakuna kati yao anayeacha nafasi ya njia, mfereji au shule katika kipande chake. Muuzaji naye haachi, kwa kuwa kila hatua anayoiacha kwa ajili ya njia ni hatua ambayo hakuiuza.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni ya mwandishi halijapewa uzito unaostahili, ni mabadiliko ya umbo la nyumba. Nyumba ya Kiswahili ya Magomeni, Ilala au Kariakoo ya zamani ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na ua wenye jiko na choo nyuma. Kila chumba kiliweza kuwa na kaya yake, na mwenye nyumba mara nyingi aliishi humohumo na wapangaji wake. Kiwanja kimoja kilihifadhi familia tano au sita. Nyumba ya pembezoni ni ya namna nyingine: sebule, vyumba vitatu, chumba kimoja chenye choo chake ndani, ukuta kuzunguka na geti. Imekusudiwa kaya moja. Inatokana na hamu ya kuondokana na ukumbi wa pamoja, foleni ya choo na ugomvi wa bili ya umeme, na hakuna sababu ya kumlaumu anayeitamani. Lakini kwa eneo lilelile la ardhi hubeba sehemu ndogo ya watu waliobebwa na nyumba ya Kiswahili. Ndiyo maana mji hupanuka kwa eneo haraka kuliko idadi ya watu wake inavyoongezeka, na kila mita ya bomba au barabara inayojengwa huhudumia watu wachache zaidi kuliko ambavyo ingehudumia Magomeni.

Hali hiyo haidumu milele. Miaka kumi au kumi na mitano baadaye uwanja wa nyuma hujengwa vyumba vya kupangisha, kipande cha mbele hugeuzwa fremu za maduka, na urithi hukigawa kiwanja. Msongamano huongezeka, ila kwa wakati huo njia zilikwisha kuzibwa na kuta.

4.0 Miundombinu inayofuata nyuma

Umbo la Dar es Salaam limetokana na barabara kuu nne zinazotoka katikati ya mji: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere (iliyokuwa Pugu) na Kilwa. Makazi yalifuata barabara hizo kwanza, kisha yakajaza nafasi kati yake. Uwekezaji mkubwa wa miaka ya karibuni umefuata mistari hiyohiyo. Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka ilianza kutoa huduma Mei 2016 kutoka Kimara. Awamu zilizofuata zimeelekezwa Mbagala, Gongolamboto na Tegeta. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilihamishwa kutoka Ubungo hadi Mbezi mwaka 2021, na barabara ya kutoka Kimara hadi Kibaha ilipanuliwa kuwa ya njia nane. Kila mradi kati ya hii ulipunguza muda wa safari kwenye barabara kuu, na kwa hiyo uliisukuma mbele zaidi ile nukta ambapo mtu anaweza kuishi na bado akawahi kazini. Miradi ya kupunguza msongamano, kwa namna hiyo, ni miongoni mwa visababishi vya upanuzi wa mji. Hili halina maana kwamba haikupaswa kujengwa. Lina maana kwamba athari zake katika ardhi iliyo mbele zilipaswa kutarajiwa na kupangiwa.

Gharama ya kuchelewa inaonekana vizuri zaidi katika upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Sehemu hiyo ina hifadhi ya mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, upana ambao asili yake ni sheria za enzi za ukoloni, ilhali Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatambua mita 30 kila upande kwa barabara kuu nyingine. Ndani ya hifadhi hiyo watu walijenga kwa miongo kadhaa. Wengine walikuwa na karatasi za mauziano zenye mihuri, na wengi walikwisha kuunganishiwa umeme. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa. Kisheria hoja ya Serikali ilikuwa kwamba ardhi hiyo haikuwa ya waliojenga. Kwa upande wa wakazi hoja ilikuwa kwamba taasisi za umma ziliwahudumia kwa miaka mingi bila kuwaambia hivyo. Makala haya hayahukumu shauri hilo. Yanaonesha tu kwamba alama za hifadhi zilizosimikwa na kulindwa wakati eneo likiwa bado shamba zingegharimu sehemu ndogo mno ya hasara iliyowapata watu wale.

Barabara za mitaa ni suala tofauti. Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS, na zile za wilaya na mitaa na TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Njia iliyoachwa kwa hisani ya majirani, yenye upana wa bajaji moja, haitengenezeki bila kwanza kupanuliwa, na kuipanua ni kuvunja kuta. Wakazi huchangishana kifusi, mvua za masika hukisomba, nao huchangishana tena. Gari la zimamoto, gari la kunyonya majitaka na gari la wagonjwa huishia barabarani. Jambo hili la majitaka si dogo. Mtandao wa mabomba ya majitaka Dar es Salaam haujafika sehemu kubwa ya mji, sembuse pembezoni, na kila nyumba ina shimo lake. Shimo likijaa mahali gari lisipofika, hutapishwa wakati wa mvua kubwa, na maji hayo huelekea kwa jirani aliye bondeni, mara nyingi kwenye kisima anachotegemea.

Kuhusu maji, Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutegemea mto mmoja. Mtambo wa Ruvu Chini ulipanuliwa ukafikia uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, na wa Ruvu Juu ukafikia lita milioni 196. Jumla yake, lita milioni 466, ikigawanywa kwa watu wa Dar es Salaam waliohesabiwa mwaka 2022, hutoa takriban lita 87 kwa mtu kwa siku. Hesabu hiyo inawapendelea mno watoa huduma. Haijaondoa maji yanayopotea njiani, wala matumizi ya viwanda, hoteli na ofisi, wala wakazi wa Kibaha na Bagamoyo ambao hutegemea mitambo hiyohiyo. Wakiongezwa watu wa mchana, mgawo hupungua zaidi. Ukame wa mwishoni mwa mwaka 2022, uliopunguza kina cha Ruvu na kulazimisha mgawo wa maji katika jiji, ulionesha udhaifu wa kutegemea chanzo hicho. Katika makazi mapya ambako bomba halijafika, pengo hujazwa na visima vya watu binafsi na maboza. Mkazi wa pembezoni hulipia lita moja bei kubwa kuliko mkazi wa Oysterbay mwenye bomba, kinyume kabisa cha uwezo wao wa kulipa.

Umeme umekwenda kwa kasi zaidi kuliko huduma nyingine, kwa kuwa nguzo haihitaji njia pana. Hapa nako pembezoni ina utata wake. Tangu Januari 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme wa njia moja kwa mteja asiyehitaji nguzo imekuwa shilingi 27,000 kijijini na shilingi 320,960 mjini. Eneo la pembezoni ni kijiji au mji? Kwa sura linaweza kuwa na mihogo na mikorosho, na kwa daftari la utawala likawa mtaa wa manispaa. Tofauti ya takriban mara kumi na mbili katika malipo hutegemea neno lililoandikwa kwenye daftari.

5.0 Majaribio ya kuitangulia nyumba

Si kweli kwamba Serikali haikujaribu kupanga kabla ya watu kujenga. Jiji lilipata mipango kabambe ya mwaka 1949, 1968 na 1979. Mpango wa 1979 ulikusudiwa kutumika kwa miaka ishirini, na ulipoisha muda wake haukufuatiwa na mwingine hadi ulipoandaliwa ule wa 2016–2036. Katika pengo hilo idadi ya watu wa mkoa ilipanda kutoka 843,090 wa sensa ya mwaka 1978 hadi 4,364,541 wa mwaka 2012, yaani zaidi ya mara tano. Sehemu kubwa ya mji uliopo leo ilijengwa chini ya mpango uliokwisha kupitwa na wakati.

Jaribio lililotekelezwa kwa upana zaidi ni Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanzishwa na wizara yenye dhamana ya ardhi mwaka 2002 kwa fedha zilizokopwa Hazina. Utaratibu wake ulikuwa wa moja kwa moja: wenye mashamba walilipwa fidia, eneo likapimwa, barabara za udongo zikafunguliwa, viwanja vikauzwa kwa bei iliyokusudiwa kurudisha gharama, na fedha hiyo ikalipa deni. Maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada, Tuangoma, Mwanagati na Buyuni yana mpangilio wa barabara hadi leo kwa sababu ya mradi huo. Tofauti kati ya Tuangoma iliyopimwa na makazi yaliyo jirani nayo inaonekana hata kwenye picha ya setilaiti, na inatosha kuthibitisha kwamba kupima kabla ya kujenga kunawezekana.

Udhaifu wake ulikuwa wa aina mbili. Maji na umeme havikufika pamoja na barabara, na viwanja vingi vilikaa bila kujengwa kwa miaka, vikishikiliwa na wenye uwezo waliosubiri bei ipande. Aidha, viwanja vilikuwa vikubwa na bei ililipwa kwa muda mfupi, jambo lililomtenga mjenzi wa kidogo kidogo aliyeelezwa hapo juu. Mwenye shamba aliyelipwa fidia naye alichukua fedha yake akaenda kununua na kujenga mbele zaidi, mahali pasipopimwa. Hivyo mradi ulipanga eneo moja na, bila kukusudia, ukaisukuma pembezoni nyingine nje yake. Jambo linalofanana na hilo lilionekana Mabwepande, walikohamishiwa waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011 kutoka mabondeni: viwanja vilikuwapo, lakini kazi na soko vilibaki kilomita nyingi nyuma yao.

Njia nyingine ni urasimishaji, ambao hukubali nyumba zilizopo na kuzipatia mipaka, njia na hati. Programu ya kitaifa ya 2013–2023 ilifanyiwa majaribio Kimara na Saranga. Manufaa yake kwa usalama wa milki hayana ubishi. Hata hivyo urasimishaji hauwezi kurudisha ardhi iliyokwisha kujengwa. Njia hupatikana pale tu majirani wanapokubali kumega viwanja vyao bila fidia, na eneo la shule au soko kwa kawaida halipatikani kabisa. Aghalabu mtaa hutoka katika zoezi hilo ukiwa na hati nyingi na nafasi ileile.

6.0 Mpaka wa utawala kama kikwazo

Hadi hapa desturi ya nyumba kutangulia imeelezwa kana kwamba eneo lote lina msimamizi mmoja. Halina. Ilipovunjwa Halmashauri ya Jiji la zamani mwaka 2021, Dar es Salaam ilibaki na halmashauri tano zilizo sawa kwa hadhi ya kupanga, na hakuna hata moja kati yao inayohusika na mkoa mzima. Ukivuka mpaka unazikuta halmashauri za Kibaha, Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo, chini ya mkuu wa mkoa mwingine.

Tofauti hiyo ina sura ya kisheria pia. Upande wa Dar es Salaam ardhi kwa ujumla ni ya mjini, inayotawaliwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Upande wa Kisarawe na Mkuranga sehemu kubwa ya ardhi inayouzwa vipande vipande ni ya vijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo. Sheria hiyo ya pili iliandikwa kwa kumfikiria mwanakijiji anayelima, na milki ya kimila inalindwa ndani yake dhidi ya kuhamishwa kiholela kwa watu wa nje. Mnunuzi kutoka Mbagala anapopewa mhuri na uongozi wa kijiji kwa ajili ya kiwanja cha hatua ishirini kwa ishirini, anachopewa hakikutarajiwa vizuri na sheria yoyote kati ya hizo mbili. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaruhusu eneo kutangazwa kuwa eneo la mipango, na hapo ndipo mchoro unaweza kuandaliwa. Kwa kawaida tangazo hufuata dalili za ukuaji wa mji, na dalili yenyewe ni nyumba.

Huduma ya maji imepiga hatua ambayo upangaji wa ardhi haujaipiga. DAWASA huhudumia Dar es Salaam pamoja na sehemu za Pwani, kwa sababu rahisi kwamba mto na mitambo iko Pwani na wateja wengi wako Dar es Salaam. Mabomba makubwa ya Ruvu hupita katika ardhi ya Pwani kando ya barabara zilezile ambazo makazi yanazifuata, na mamlaka hiyo ililazimika kuyatazama maeneo hayo kama mfumo mmoja. Mabonde ya mito nayo hayaheshimu mpaka. Mto Msimbazi, ambao mafuriko yake hufunga daraja la Jangwani karibu kila masika, huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe. Kila shamba linalogeuzwa paa na ua wa saruji huko juu huongeza maji yanayofika Jangwani, mahali ambapo mkurugenzi wa halmashauri iliyotoa kibali, kama kibali kilitolewa, hana wajibu wowote.

Kipaumbele, kwa maoni ya mwandishi, kingepaswa kuwa kidogo na cha mapema kuliko ilivyozoeleka. Kupima kila kiwanja kabla ya kujengwa ni lengo ambalo limetajwa katika sera tangu Sera ya Maendeleo ya Makazi ya mwaka 2000, na halijafikiwa kwa sababu ya gharama ya fidia na uchache wa wapima. Kutenga njia pekee ni jambo jingine. Mashamba ya Mkuranga na Kisarawe yakiwa bado mashamba, inawezekana kusimika alama za barabara za upana wa kutosha kila baada ya umbali fulani, pamoja na njia za maji ya mvua na maeneo machache ya shule, na kuacha viwanja vilivyo kati yake vigawanywe kwa hatua za miguu kama ilivyo desturi. Fidia ingelipwa kwa ukanda wa njia tu, kwa bei ya mikorosho badala ya bei ya nyumba iliyoezekwa. Uongozi wa kijiji, unaopiga mhuri wa mauziano, ungekuwa na mchoro mmoja ukutani wa kuonesha ni wapi usipige.

Ugumu uko kwenye kuuandaa mchoro huo. Barabara inayotoka Chanika kuelekea Kisarawe, au Mbagala kuelekea Vikindu, huanzia katika halmashauri moja na kuishia katika nyingine iliyo mkoa mwingine, na bajeti ya kusimika alama upande wa Pwani hutoka kwa halmashauri yenye mapato madogo, kwa manufaa ya wakazi ambao wengi wao bado wanalipa kodi ya chumba Temeke na hawajahesabiwa kokote kama watu wake.